Nyama Niliyokula kwa Akina Koku

Tulipomaliza matanga ya Kokugonza, binti yake aliniita chumbani akanipa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gome kavu la mgomba. "Mama alisema hiki ni chako," akaniambia. "Alisema pia kwamba usiulize tena."

Nilikizibua. Samli iliyokuwa ndani ilikuwa imegeuka ganda jeusi, lakini harufu bado ilikuwepo: samli ya miaka mingi, moshi wa jikoni, na ule uchungu wa majani ya mubirizi, mti wetu wa dawa, unaopanda puani kabla hujajua unanusa nini. Nikaketi kwenye kitanda cha marehemu. Binti alidhani nalia kwa ajili ya mama yake, na kweli nilikuwa nalia kwa ajili yake, lakini nilikuwa nalia pia kwa ajili ya msimu mmoja wa utoto wangu ambao mpaka leo, na mvi hizi, sijauelewa vizuri. Nitajaribu kuueleza. Ninyi wa rika langu mtanisaidia pale mtakapojitambua.

Kwetu ni Nyabiyonza. Miaka ile wanaume waliokwenda vita vya Wazungu walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wamevaa makoti mazito yasiyofaa kwa jua letu. Tuliishi katika shamba la migomba na kahawa: nyumba ya baba, nyumba ya baba mkubwa, na katikati yake nyumba ya bibi, mama yake baba. Bibi aliunga mifupa. Mtu aliyeanguka, aliyepigwa teke na ng'ombe, aliyeangukiwa na mti, aliletwa kwake. Lakini hawakuja kwa njia ya mbele. Walipitia nyuma, katikati ya mibuni, kwa sababu kanisani ilikuwa imesemwa kwamba dawa za nyumbani ni mambo ya mizimu. Wakiulizwa njiani walisema wanakwenda kumsalimia bibi kizee. Basi mimi nilikua nikijua kwamba ukoo wetu una kitu kinachofichwa. Kitu hicho kilikuwa na jina moja tu, mkono. Fulani ana mkono, fulani hana.

Ngoja nieleze na jambo la pili, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma hapa. Kila ukoo wa kwetu una muziro wake, yaani mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakili. Wetu ni pongo, yule paa mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni anayejificha vichakani. Tuliambiwa kwamba damu yake na yetu ni moja. Ukimla, unatokwa na madoa kama yake.

Hayo ndiyo waliyosema wakubwa. Yaliyobaki niliyapata kwa Anastazia, binti wa baba mkubwa, aliyenizidi miaka mitatu na kila kitu. Anastazia alisema zamani kulikuwa na babu mmoja wa ukoo wetu aliyekula pongo wakati wa njaa. Yakamtoka madoa, kisha pembe, kisha miguu ikageuka kwato, na mikono yake, ambayo ilikuwa inaunga mifupa, ikawa inavunja kila inachogusa. Akashuka bondeni kwenye mafunjo na bado yuko huko, nusu mtu, nusu mnyama. "Humsikii jioni?" akaniuliza.

Nilimsikia. Kila mtu wa kwetu amemsikia. Jua likikaribia kuzama, kutoka bondeni ilikuja sauti ya kubweka, kavu, mara moja, kisha kimya, kisha tena. Haikuwa ya mbwa, maana mbwa wetu walipoisikia walinyamaza. Nilikuwa naacha kuchambua maharage na kuingia ndani.

Sasa, bibi alikuwa anatufundisha. Hakusema kwamba anatufundisha. Alasiri, kazi zikipungua, alivunja bua la mtama vipande vitatu au vinne, akavifunika kwa kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, halafu akasema, "Haya, mponyeni huyu." Uliingiza mikono chini ya lubugo na kulirudisha bua kama lilivyokuwa, kila mpasuko mahali pake, bila kutazama. Anastazia alikuwa na haraka. Bua lake lilitoka limepinda. Langu lilitoka limenyooka. Bibi hakunisifu. Alilishika, akalipitishia kidole, akasema, "Huyu atatembea." Maneno hayo mawili yalinitosha wiki nzima.

"Hata likinyooka," Anastazia alininong'oneza siku moja, "wewe pua yako si ya kwetu. Mkono unakwenda kwa damu."

Pua yangu ni ya mama, na mama alitoka Mabira. Sikulijali neno lile wakati huo.

Kokugonza, tuliyemwita Koku, aliingia maishani mwangu kwa sababu baba yake aliletwa kuwa karani wa baraza. Walikuwa watu wa Muleba, Walutheri, wana meza yenye kitambaa na kitabu cha nyimbo juu yake. Sisi tulikuwa Wakatoliki na meza yetu ilikuwa ya kusagia karanga. Koku alikuwa na umri wangu, mwembamba, mwenye maneno. Mama yake hakuweza kuona mtoto akisimama mlangoni bila kumwambia akae ale. Siku moja nilikaa. Ilikuwa ndizi zilizopikwa na nyama iliyokaushwa kwa moshi, laini, mchuzi mzito. Nilipewa pande kubwa. Nililimaliza, nikalamba vidole.

Tulipotoka nje Koku akaniuliza, "Unajua umekula nini?"

"Mbuzi."

"Pongo. Baba aliletewa na watu wa mitego. Wewe umekula pande la baba, na mimi nimekula mfupa."

Hakujua muziro wetu. Alikuwa ananionea wivu wa nyama tu. Lakini mimi nilisimama pale kwenye mibuni nikahisi miguu yangu inakuwa myembamba.

Sikumwambia mtu. Usiku sikulala, nilipitisha ulimi kwenye meno nikihesabu kama yote yapo. Asubuhi nilijitazama kwenye maji ya mtungi, nikajitazama mapaja, nikajipapasa kichwani juu ya masikio, mahali ambapo pembe zingeanzia. Jioni, babu alipobweka bondeni, nilijua ananiita. Nilijiandaa. Hamtaamini, lakini nilianza kumpa mdogo wangu vitu vyangu: kigae changu cha kuchezea, na mkanda wangu wa nyuzi za mgomba. Nilifikiri nikishuka kwenye mafunjo sitavihitaji.

Zikapita siku nne, tano, wiki. Hakuna kilichonitoka. Ngozi ilikuwa ile ile. Bua la mtama lilinyooka kama kawaida. Na hapo hofu yangu ikageuka ikawa nyingine, mbaya zaidi, na ndiyo hii ninayotaka mnielewe. Kama mtu wa ukoo wetu akila pongo anatokwa madoa, na mimi nimekula sijatokwa, basi mimi si mtu wa ukoo wetu. Neno la Anastazia kuhusu pua likarudi. Nikakumbuka kwamba mama alikuwa akinyamaza wanawake wa kwetu walipozungumza habari za Mabira. Nikakumbuka kwamba baba alinipita mara nyingi bila kunisemesha. Baba alikuwa hivyo kwa watoto wote, lakini wakati huo nilihesabu yangu tu. Kila kitu kilikaa mahali pake vizuri kabisa, kama mabua chini ya lubugo, na kilichotokea kilikuwa mtoto asiye na kwao.

Kwa hiyo nikaanza kuyaomba madoa yaje. Nilisali rozari kwa ajili hiyo. Na asubuhi moja yalikuja: mikono yote miwili, vipele vyekundu, vinawasha. Nilikimbia jikoni nikamwonyesha mama huku nacheka.

"Umepita kwenye upupu," mama akasema. Akanikalisha, akanipaka majivu, akaniosha kwa maji ya mubirizi. Kesho yake ngozi ilikuwa safi. Nililia mpaka nikakwama pumzi.

"Ni mtoto gani huyu," mama alimwambia bibi, "anacheka akiugua na kulia akipona?"

Bibi alinitazama. "Mwache," akasema. "Kuna kitu anakipapasa."

Niliacha kwenda kwenye mabua. Nilisema tumbo linauma. Anastazia akabaki peke yake na lubugo, na bibi akawa anakaa mlangoni akisugua vidole vyake kwa samli. Vidole vile vilikuwa vimeanza kukakamaa. Asubuhi nyingine hakuweza kumenya ndizi. Watu wazima walikuwa wanasema, kwa sauti ya chini, kwamba bibi anapaswa aseme mkono unakwenda kwa nani kabla haujamwishia.

Kisha Koku akaanguka kwenye mpera.

Mvua ilikuwa imekatika na matawi yalikuwa bado yanateleza. Sikuwepo; nilikuwa namkwepa yeye na nyumba yao. Nilichosikia ni mama yake akija anaita. Hakupita kwenye mibuni. Alikuja kwa njia ya mbele, katikati ya mchana, mbele ya macho ya kijiji, mke wa karani, amembeba binti yake kama mtoto mchanga. "Mama, nisaidie. Mume wangu yuko Bukoba. Hospitali ni mwendo wa siku nzima kwa machela."

Mkono wa kulia wa Koku, kati ya kiwiko na kiganja, ulikuwa na pembe mahali ambapo mkono hauna pembe. Alikuwa hasemi. Koku, hasemi. Hilo lilinitisha kuliko mkono.

Bibi alimlaza kwenye mkeka, akampapasa. "Mifupa yote miwili imekatika," akasema. Akajaribu kubana, nikaona vidole vyake vinateleza, havikazi. Akajaribu tena. Koku akapiga yowe. Bibi akaiacha mikono yake mapajani akaitazama kama vitu vya mtu mwingine.

"Leo havisikii," akasema. "Anastazia, shika kiganja uvute polepole, usiachie. Wewe," akanigeukia mimi, "njoo upange."

Nikaficha mikono kwapani.

Nieleze nilivyokuwa nawaza, maana mambo yote yalipita kichwani kwa mara moja. Ama mimi ni wa ukoo huu, na kwa kuwa nimekula pongo mikono yangu imeharibika, nikimgusa Koku mkono wake utakufa. Ama mimi si wa ukoo huu, ndiyo maana sijaharibika, na basi mkono sina na sikuwahi kuwa nao, na Koku atabaki kilema kwa sababu ya mgeni anayejifanya. Niligeuza huku na huku. Kila njia iliishia kwenye mkono wa Koku. Na kama nikisema ukweli, nitakuwa nimejitoa nyumbani kwa kinywa changu mwenyewe.

"Njoo," bibi akasema.

"Siwezi. Nimekula pongo."

Anastazia akaruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mama yangu, aliyekuwa mlangoni, akafunika mdomo.

"Lini?" bibi akauliza.

"Kabla ya mvua. Kwa akina Koku."

"Mungu wangu, ni mimi niliyempa," mama Koku akasema. "Sikujua, mama. Nilimpa chakula tu."

"Kimekutoka nini?" bibi akaniuliza mimi, kana kwamba mama Koku hajasema.

"Hakuna."

"Mabua yako yalipinda?"

"Hapana."

"Umemaliza kusema?"

"Ndiyo."

"Basi toa mikono kwapani. Huyu mtoto anaumia."

Nilipiga magoti. Bibi akachukua lubugo ile ile akaifunika juu ya mkono wa Koku, na mimi nikaingiza mikono chini yake. Nilifunga macho. Ngozi ilikuwa ya moto na chini yake niliikuta mifupa, kama mabua, miwili, imepishana. Anastazia akavuta, akilia, lakini alivuta vizuri. Kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. Nikasubiri mpaka ncha zikakutana. Ukiniuliza leo siwezi kukuambia nilijuaje. Zilikutana, na kitu kikatulia chini ya vidole vyangu. Koku akashusha pumzi ndefu.

Bibi akapitisha kidole. Akapitisha tena. "Leteni vijiti na kamba," akasema. Tukaufunga kwa vipande vya mwanzi na kamba za mgomba, tukapaka samli, na mama Koku akapewa kibuyu kidogo cha samli hiyo yenye mubirizi aende nacho.

Jioni ile bibi alikaa kwenye gogo nyuma ya nyumba, nami nikaenda kusimama karibu naye. Nilikuwa nimesubiri mtu anifukuze tangu mchana na hakuna aliyenifukuza, na kusubiri kulikuwa kumenichosha.

"Bibi, mimi ni wa hapa?"

"Ungekuwa wa wapi?"

"Madoa ya pongo hayakunitoka. Anastazia anasema mkono unakwenda kwa damu."

Bibi akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Mimi nimetoka wapi?"

Swali lenyewe sikulielewa. Bibi alikuwa wa hapa. Bibi ndiye aliyekuwa hapa.

"Nimezaliwa Chonyonyo," akasema. "Nililetwa kuolewa na babu yako. Huyu pongo si muziro wangu mimi, ni wa kwenu. Msimu wa senene, ninyi mkila, umewahi kuniona nikila hata mmoja?"

Hapo nikaanza kukumbuka. Kila mwaka bibi alitukaangia senene. Aliwatoa mabawa, akawakaanga, akatugawia kila mtu kiganja chake, na yeye akabaki analamba chumvi vidoleni. Tulidhani ni kwa sababu ya meno.

"Senene ni muziro wa kwetu nilikozaliwa," akasema. "Na mkono nilifundishwa na mama mkwe wangu, na yeye alitoka ng'ambo huko, nao huko wana muziro wao. Wenye damu ya pongo hapa ni babu yako na baba yako, na hao hawawezi kuunga hata kuku. Shangazi zako wameolewa, wamekwenda."

Nilijaribu kulipanga hilo. Wale walioniambia habari za damu walikuwa na damu bila mkono. Aliyekuwa na mkono hakuwa na damu. Na bado alikaa miaka yote ile bila kula pongo, pamoja na senene, miiko miwili kwa mtu mmoja.

"Sasa kwa nini huli pongo?"

"Niliambiwa siku niliyofika, hapa hatuli pongo. Nikasema, haya."

"Lakini mtu akila, madoa yanatoka au hayatoki?"

Bibi alifikiri kwa uaminifu, niliona anafikiri. "Nimemwona mmoja yakimtoka," akasema. "Nimewaona wengine hayakuwatoka. Sijui, mjukuu wangu."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akisema sijui. Kutoka bondeni ile sauti ikaja, kavu, mara moja. Nikamshika bibi nguo.

"Na yule?"

"Yule ni pongo. Pongo wanabweka. Hukujua?" Akasikiliza kidogo, sauti ikaja tena, na uso wake ukabadilika kidogo. "Msalimie hata hivyo."

"Shikamoo," nikasema kuelekea kwenye mafunjo.

Hakuitikia.

Nilikua nikaunga mifupa, na Anastazia pia, Mungu amrehemu. Alikuwa mvutaji mzuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Nilipoolewa nilikatazwa muziro wa huko pia, nikasema, haya. Koku alibaki rafiki yangu. Mkono ulipofunguliwa, jambo la kwanza alilofanya ni kunitania: "Nilikudanganya wewe. Ilikuwa mbuzi." Nilimfuata mama yake, akasema hakumbuki vizuri, watu walikuwa wanaleta nyama za kila aina. Nikarudi kwa Koku, akasema ilikuwa pongo. Mwaka mwingine, mbuzi. Tukiwa na watoto, pongo. Tukiwa na wajukuu, mbuzi, tena wa kwetu, aliyepotea. Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amelala, hawezi kuketi. Nikamuuliza. Akanitazama kwa yale macho yake ya maneno, akasema, "Nikikuambia utaacha kuja."

Siku ya kumwosha, wanawake waliniomba nishike mkono wa kulia. Niliupitishia kidole kutoka kwenye kiwiko kushuka. Pale katikati, mahali ninapopajua, kulikuwa na kinundu kidogo, kama fundo kwenye bua, na pande zote mbili mfupa ulikuwa umenyooka. Sikuuachia mkono. Mmoja wa wanawake akaniuliza kama kuna tatizo.

Nikasema hapana, nampapasa tu.

Baadaye tuliletewa chakula, ndizi na nyama. Nilimwuliza msichana aliyekuwa anagawa, kama ninavyowauliza wote, hiyo ni nyama gani. Akasema ni ya ng'ombe, bibi, kula. Nikala.